Geuza Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Kadi za Posta na Picha za Zamani za Pwani Bila Kupigwa na Bila Kuziua

Nimeandika huu mwongozo kwa sababu moja tu, nimechoka kutumiwa picha ya kadi iliyokwisha kufa na swali la "hii inaweza kupona?" Haiponi. Mtu kakuta kadi ya Zanzibar ya enzi za sultani kwenye sanduku la bibi yake, kafurahi weee, kaenda moja kwa moja stationari kuipiga lamineti ili "isiharibike", na hapo hapo ndo kaiharibu. Mwingine kanunua "orijino ya 1905" kwa hela ya kodi ya nyumba kumbe imechapwa juzi. Ukiwasikiliza wote wawili kosa ni lile lile, walitazama uso wa kadi, mgongo hawakuujali.

Basi humu utanisikia narudia neno moja mpaka unichoke: geuza. Ninaongelea kadi za posta na picha za karatasi za Afrika Mashariki, tangu zile za miaka ya 1880 mpaka za studio za miaka ya 1970.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa chochote

Usianze bila hivi, vingi ni bei ndogo:

- Lenzi ya fundi saa au sonara, ya kukuza mara 10. Kamera ya simu inasaidia lakini inakudanganya, inalainisha picha yenyewe bila kukuuliza.
- Tochi ya UV, ile wanayokagulia noti feki madukani.
- Penseli laini ya 2B. Bolpeni iache chumba kingine kabisa.
- Rula yenye milimita.
- Brashi laini mpya, ya kupakia poda usoni inafaa sana, ila iwe haijawahi kugusa poda.
- Bahasha za plastiki safi za polipropilini au poliesta. Usichukue za PVC. Namna ya kuijua ni pua tu, ile plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafuni ndo yenyewe, inatoa mvuke unaokula picha taratibu na ikipata joto inagandana nayo.
- Boksi. La karatasi isiyo na asidi ndo bora. Ukilikosa chukua kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, geuza chini utafute alama ya pembetatu yenye namba 5, hiyo ni polipropilini.
- Silika, vile vipakiti vya punjepunje vinavyokuja ndani ya boksi la viatu ambavyo watu wanatupa. Usitupe tena.
- Daftari.

Skana utaihitaji baadaye, unaweza kuazima. Glovu za pamba mimi sizipendi maana vidole vinapoteza hisia na kadi inakuponyoka, osha mikono kwa sabuni, kausha vizuri, usipake losheni, halafu shika kadi kwa kingo tu.

## Hatua ya 1: Anzia nyumbani, na anza na watu kabla ya picha

Kabla hujapeleka hela kwa muuzaji, sanduku la kwanza ni la kwenu. Kaa na bibi, shangazi, babu, yeyote mwenye kumbukumbu, washa simu irekodi sauti (omba ruhusa kwanza) na muwekee picha moja moja mbele yake.

Usiulize "hii ya mwaka gani?" maana atakwambia "zamani hiyo, mjukuu wangu" na maongezi yameisha. Uliza "hapa kulikuwa na shughuli gani?", "huyu aliyesimama nyuma ni nani kwako?", "hiki kitambaa cha gauni nani aliwaletea?" Hapo utapata harusi ya nani, nani alikuwa na mimba, nani alikuwa bado hajasafiri Muscat, na tarehe inajileta yenyewe. Kwa akina mama wa pwani kuna njia nyingine tamu, waulize jina la kanga iliyovaliwa pichani. Mimi nimewahi kutajiwa jina la kanga, duka ilikonunuliwa na ugomvi uliofuata, picha yenyewe ya mwaka gani hajui.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba karatasi inaweza kusubiri, bibi hawezi. Na tahadhari, usiondoke na picha zake siku hiyo. Zipige kwa simu, urudi siku nyingine na bahasha safi, atakupa kwa moyo.

Ukitoka pale na majina ya watu angalau kwa picha kumi na sauti yao kwenye simu, umevuka.

## Hatua ya 2: Geuza kadi

Hapa ndo tutakaa sana.

Mstari wa katikati. Mwanzoni mgongo mzima wa kadi ulikuwa wa anwani peke yake, ukitaka kumsalimia mtu unabana maneno kwa mbele pembeni ya picha, ndo maana kadi nyingine uso wake umechorwachorwa wino watu wanadhani ni uchafu. Uingereza waliruhusu mgongo ugawanywe mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kwa hiyo kadi yenye mstari katikati, kushoto ujumbe kulia anwani, haijachapwa kabla ya 1902, muuzaji aape atakavyo. Isiyo na mstari inaelekea kuwa ya kabla ya hapo, lakini maduka yalikuwa yanamaliza stoku ya zamani hata miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo usiikaze sana.

Jina la studio. Linaweza kuwa nyuma au pembeni mbele kwa maandishi madogo. Zanzibar tafuta A.C. Gomes, J.P. Fernandes na Coutinho Brothers, hawa wa mwisho walikuwa na studio na Mombasa pia. Wote hao Wagoa, watu wa asili ya Goa huko India, na bila wao tusingeijua Unguja ya wakati ule ilivyokuwa kwa macho. Mombasa na Nairobi tafuta W.D. Young, aliyepiga picha za reli ya Uganda. Dar es Salaam ya Mjerumani kuna C. Vincenti na Walther Dobbertin. Ukija kwenye picha za studio za baadaye utakutana na muhuri wa mpira nyuma, mfano Capital Art Studio ya Zanzibar iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, au Parekh ya Mombasa. Muhuri kama huo usiufute hata kama umekaa upande, ndo kitambulisho cha picha.

Stempu na muhuri wa posta. Kama kadi ilitumwa umebahatika. Muhuri ukisomeka umepata siku kamili. Usiposomeka soma stempu:

Stempu za Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani, zenye bei kwa *pesa* ni za mwanzo, zenye *heller* ni kuanzia 1905, maana mwaka 1904 Wajerumani walibadili hesabu, rupia ikawa heller 100 badala ya pesa 64. Zenye herufi G.E.A. (German East Africa) zilizogongwa juu ya stempu nyingine ni za Mwingereza alipokwisha kuingia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Twiga na neno Tanganyika, 1922 kwenda mbele. Zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza 1935. Za Zanzibar tazama sura ya sultani, ukijua nani alitawala lini umemaliza kazi, Khalifa bin Harub peke yake alikaa tangu 1911 mpaka 1960 kwa hiyo yeye atakusumbua kidogo. Na stempu ya Zanzibar iliyogongwa "JAMHURI 1964" juu ya ile ya sultani, hiyo haihitaji maelezo.

Usibandue stempu kwenye kadi. Naomba sana. Wakusanya stempu wa zamani walifanya hivyo na wametuachia kadi elfu na kitu zenye kidonda kwenye kona.

Sasa jambo ambalo karibu kila mtu analikosa: kadi moja ina tarehe tatu. Kuna siku picha ilipigwa, kuna siku kadi ilichapwa, na kuna siku ilitumwa. Zinaweza kupishana miaka ishirini. Mfano wa kukukalia kichwani: Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani Mji Mkongwe, ilijengwa 1883, na mbele yake upande wa baharini kulikuwa na mnara uliosimama peke yake. Waingereza walipoipiga mizinga Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896 mnara ule ukaharibiwa, na baadaye mnara wa saa ukajengwa kwenye jengo lenyewe, ndo huo tulioujua. Sasa ukikuta kadi inaonyesha mnara uko peke yake lakini mgongo una mstari katikati na muhuri wa 1908, usiseme "feki". Picha ni ya kabla ya Agosti 1896, kadi imechapwa baada ya 1902, imetumwa 1908. Studio zilikuwa na negativu za zamani, zikawa zinazichapa mpaka zinachoka.

Kwa hiyo kwenye daftari chora safu tatu, usiandike "mwaka" mmoja. Ukiweza kujaza safu mbili kati ya tatu kwa kila kadi na ukasema umejuaje, wewe sasa unajua kusoma mgongo.

Tochi ya UV. Zima taa, weka kadi pembeni ya karatasi nyeupe ya printa, washa. Ya printa itawaka bluu nyeupe. Hiyo ni dawa ya kung'arisha, jamaa yake ile iliyomo kwenye sabuni za unga, na viwanda vya karatasi vilianza kuitumia kwenye miaka ya 1950. Kadi ya 1905 haitakiwi kuwaka. Mimi nilijifunza kwa hasara, nilinunua kadi ya "sultani na walinzi wake" kwa jamaa mmoja aliyenionyesha mpaka doa la chai la kuzeesha, usiku umeme ukakatika nikawasha tochi kwa kujaribu tu, ikawaka kama shati la kwenye tangazo la sabuni. Nilicheka na kulia.

Tahadhari: isipowaka haimaanishi ni ya zamani, karatasi nyingine za leo hazina hiyo dawa. Na kadi ya 1965 ikiwaka iko sawa, ndo wakati wake. Kipimo hiki kinakamata uongo, hakithibitishi ukweli.

## Hatua ya 3: Weka lenzi

Swali moja tu: hii ni picha halisi iliyosafishwa kwenye dawa, au imechapwa matbaa? Bei na matunzo yake ni tofauti kabisa.

Ukiona vidoti vimejipanga kama askari wa gwaride, ni ya matbaa. Ukiona mikunjo midogo midogo isiyo na mpangilio, kama ngozi ya kidole kilichokaa sana majini, hiyo ni kolotaipi, uchapaji wa kadi nzuri nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na hiyo inathaminiwa. Ukiona vidoti vya rangi nne vimekaa kama maua madogo, bluu, waridi, njano na nyeusi, basi ni uchapaji wa kisasa, na kama muuzaji kasema ya wakati wa Sultani Ali bin Hamud, aliyetawala 1902 mpaka 1911, mrudishie kwa heshima.

Usipoona doti wala mkunjo, kijivu kinayeyuka taratibu kuelekea nyeusi, una picha halisi. Iinamishe kidogo kwenye mwanga wa dirisha. Mara nyingi sehemu za giza kwenye kingo zitang'aa kama kioo kilichofifia. Hiyo ni fedha iliyomo kwenye picha, imepanda juu kwa umri. Usiipanguse, ni dalili njema ya uzee kuliko cheti chochote.

Picha za zamani zaidi utazijua kwa karatasi nyembamba sana iliyobandikwa kwenye kadi ngumu, rangi ya kahawia kama chai, kwenye weupe imekuwa njano. Zilitengenezwa kwa ute wa yai, kweli kabisa, yai la kuku. Pima kwa rula: ya kama sentimita 6 kwa 10 ni ile ndogo ambayo mpiga picha Disdéri wa Paris aliisajili mwaka 1854, ya kama 11 kwa 16.5 ni kaka yake iliyokuja miaka ya 1860. Kadi za posta za kwanza ni kama 9 kwa 14, na zilizofika 10.5 kwa 15 kwa kawaida ni za baada ya uhuru.

Kwenye rangi usikubali kila unachokiona. Kadi nyingi zilitiwa rangi huko Ulaya, na mtia rangi mara nyingi hajafika Unguja, ndo unakuta kanzu ya waridi na bahari ya kijani ya mchicha.

## Hatua ya 4: Sasa ndo utazame uso

Majengo na majina ya mitaa ni saa ya bure. Dar es Salaam sanamu ya Askari iliwekwa 1927, kwa hiyo ikiwepo pichani umeshajua upande mmoja. Mtaa wa Samora wa leo uliitwa Unter den Akazien kwa Mjerumani, Acacia Avenue kwa Mwingereza, Independence Avenue baada ya uhuru, kisha ndo Samora. Soma maandishi chini ya kadi utajua uko zama zipi. Nairobi Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue ya leo, Government Road ni Moi Avenue. Mombasa ukiona zile pembe za ndovu za bandia juu ya barabara, uko miaka ya 1950 au baadaye.

Kwa picha za familia tazama kingo. Zilizokatwa kama mawimbi ni za miaka ya 1940 na 1950 hivi, karatasi inayohisika kama plastiki na kona za mviringo ni ya miaka ya 1970. Ila vitu vya studio visikudanganye! Redio, saa ya mkononi, baiskeli, simu ya mezani, mara nyingi ni vya mwenye studio. Nina picha mbili za familia mbili zisizojuana na zote zimeshika redio ile ile, mbele ya pazia lile lile lililochorwa ngazi za ikulu.

Kisha linganisha. Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani wameweka mtandaoni mkusanyiko wa Winterton, picha elfu saba na zaidi za Afrika Mashariki za tangu 1860 mpaka 1960, kuangalia ni bure. Ukiipata picha yako humo umepata tarehe, usipoipata usifurahi bado ukadhani ni adimu.

## Hatua ya 5: Kununua

Ukweli usiopendeza ni kwamba kadi nyingi za kwetu haziko kwetu. Zilitumwa na maofisa, wamisionari na mabaharia kwenda kwa mama zao Ulaya, na ndo huko zinafufuka kutoka kwenye dari za nyumba. Kwa hiyo utaishia kwenye masoko ya mtandaoni, eBay na Delcampe, na hapo watu wanafeli kwa kutafuta majina ya leo.

Tafuta kwa tahajia ya zamani: *Sansibar*, *Daressalam*, *Bagamojo*, *Muansa*, *Udjidji*, *Mombassa*, na herufi *D.O.A.*, kifupi cha Deutsch-Ostafrika. Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi: *Elisabethville* ni Lubumbashi, *Stanleyville* ni Kisangani, *Albertville* ni Kalemie, *Usumbura* ni Bujumbura. Muuzaji wa kijijini Ujerumani hajui kwamba Muansa ni Mwanza, wewe unajua, na hapo ndo faida yako ilipo.

Halafu:

1. Omba picha ya mgongo. Asipotoa, ondoka. Hakuna cha "niko bize". Mimi sinunui kadi ya upande mmoja hata ya bure.
2. Uliza kasoro kwa majina: kona iliyokunjika, mchaniko, tundu la pini, stempu iliyobanduliwa, gundi ya albamu. Akijibu "iko poa tu", uliza tena.
3. Usinunue kilichofungwa kwenye fremu bila kukifungua. Nyuma ya kioo nakala na orijino ni mapacha.
4. Anza na za bei ndogo, kumi za kawaida, ujifunzie makosa humo. Mandhari ya bandari ya Zanzibar zilichapwa nyingi, Kilwa, Pangani na Lamu hazionekani kila siku. Iliyoandikwa ujumbe wenye habari ndani mimi naichukua kuliko tupu iliyo safi.
5. Ifungwe katikati ya makaratasi magumu mawili na itumwe kwa rejesta.

Kwenye maduka ya Mji Mkongwe kuna nakala nyingi za picha za zamani, na hamna ubaya, ni kumbukumbu nzuri ya ukutani. Ubaya ni kulipa bei ya orijino.

Na kuna kadi nitakuomba uzifikirie mara mbili. Zile za wasichana waliovuliwa nguo studio na kuandikwa tu "mrembo wa kienyeji", na za watu wenye minyororo shingoni. Hakuna aliyewauliza, na majina yao hayakuandikwa. Mimi zikinijia ndani ya kifurushi nazitunza na maelezo, siziweki stetasi. Wewe utaamua, ila amua, usiposti kwa mazoea. Na ukinunua albamu ya familia inayojulikana mtaani, wapelekee nakala, utashangaa utarudi na majina yote.

## Hatua ya 6: Kusafisha, yaani karibu usisafishe

Unachoruhusiwa: brashi laini, toka katikati kwenda pembeni, taratibu, bila kukandamiza. Basi.

Usichoruhusiwa: maji, spiriti, mate, wipesi, selotepu, gundi, pasi, lamineti. Uso wa picha nyingi ni jelatini, ikilowa inavimba na inanata, ukipitisha kitambaa unaondoka na pua ya babu. Lamineti inayeyusha gundi kwa moto mpaka ndani ya karatasi, hairudi. Mimi mwenyewe picha pekee ya babu yangu akiwa kijana iko ndani ya lamineti, niliipeleka kwa mikono yangu na nililipia.

Iliyogandana na kioo cha fremu usiivute. Ipige ikiwa hapo hapo juu ya kioo, na uiache na kioo chake. Iliyoko kwenye zile albamu za kunata zenye plastiki juu, pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, kata gundi kwa kuuvuta kama unakata sabuni, kona moja kwanza. Ikigoma, kata ukurasa kuizunguka, iache hivyo hivyo.

Yenye wadudu, ile midogo ya rangi ya fedha inayotafuna karatasi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka friza wiki nzima, kisha itoe uiache *bila kufungua mfuko* siku nzima. Ukifungua mapema itatoka jasho na utapata ukungu badala ya wadudu. Picha zilizotengenezwa juu ya kioo badala ya karatasi usiziweke friza.

Ukimaliza na kadi inaonekana karibu sawa na ulivyoianza, umefanya vizuri.

## Hatua ya 7: Skani pande zote mbili

Kadi ya posta skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), hiyo inakupa kama pikseli 2,100 kwa 3,300, inatosha kuchapa kubwa. Picha ndogo za pasipoti weka 1,200. Hata nyeusi na nyeupe iskani kwa rangi, maana ule ukahawia ni ushahidi. Hifadhi TIFF, faili kubwa lisilopoteza ubora, kama mama, toa JPEG za kugawa. Zima vitufe vyote vya "boresha" na "ondoa vumbi".

Mgongo pia! Kila mara.

Kwa simu inawezekana: weka kadi bapa karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, zima flashi, simama juu yake wima. Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inakamuliwa ubora wote na binamu yako Oman atapata ukungu mtupu.

Jina la faili liseme kitu: *zanzibar-forodhani-1908-014-mbele* na mwenzake *-nyuma*. Namba hiyo 014 iandike pia kwenye daftari, na kwa penseli 2B kwenye bahasha. Ukilazimika kuandika kwenye kadi yenyewe, iwe mgongoni kwenye ukingo, kwa kugusa tu, kadi ikiwa juu ya kitu kigumu.

## Hatua ya 8: Kuhifadhi pwani, ambako unyevu ni mwenye nyumba

Kadi moja bahasha moja, zisimame wima kwenye boksi, zisibanane wala zisilale ovyo. Boksi likae chumbani kwenye kabati la ndani, kwenye rafu ya katikati. Sio juu ya kabati karibu na bati, sio sakafuni, sio ukuta unaopigwa na mvua, sio jikoni, na chini ya godoro pia hapana, najua ndo sefu ya taifa.

Weka silika ndani. Vipakiti vikizeeka havionyeshi, kwa hiyo nunua zile zenye rangi inayobadilika, zikibadilika zikaushe kwa moto mdogo kwenye kikaango hadi rangi irudi, usiziunguze. Unataka unyevu usizidi asilimia 50, kuna vipimo vidogo vya kidijitali vya bei rahisi, tupia kimoja ndani ya boksi.

Ukutani tundika nakala. Orijino ikikaa kwenye mwanga inafifia kila siku na hutaona mpaka siku utakapoivua fremu uone mpaka wa kivuli.

Faili weka sehemu tatu, kompyuta, diski ya nje, na moja mbali na nyumba yako, kwa dada yako mkoani au mtandaoni.

Kisha kila masika ikiisha, chagua siku kavu ya upepo, fungua boksi, toa kadi tatu kutoka mbele, katikati na nyuma. Zinuse. Harufu ya store la zamani ni ukungu umeanza, hapo toa zote, zitandaze kivulini kwenye kitambaa safi feni ikiwa mbali, kausha boksi, badili silika, rudisha jioni. Zikinuka karatasi tu, funga.